Nyaya za Maktau

Rafadha, pangaboi la puani mwa ndege iliyokuwa mezani, ilizunguka mara moja, ikatulia.

Wakio alikuwa ameinama na ufagio, anachokoa vumbi chini ya meza ya mumewe. Ulikuwa mchana wa Februari, na Februari ya Voi haina huruma na mtu: kuku walikuwa wamejibwaga kivulini midomo wazi, na bendera ya stesheni ilining'inia kama nguo mbichi. Dirisha lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi la reli, na mlango pia. Humo chumbani hamkuwa na pumzi nyingine ila yake mwenyewe.

"Panya," akasema kwa sauti, maana binadamu hutafuta panya kwanza kabla ya kutafuta jambo lingine.

Kisha ikamjia harufu. Haikuwa ya gundi wala ya vanishi, hizo alizizoea. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mbarika, nzito, ya kukaba koo, kama vile mtu ameyachemsha palepale mezani. Ufagio ulimtoka mkononi. Chupa ya mafuta hayo aliitumbukiza chooni mwenyewe siku waliporudi kutoka maziko, na tangu hapo hata tone moja halikuwa limevuka kizingiti chake.

Juu ya meza palikuwa na ndege. Usidhani ni kitu cha kuchezea. Ulikuwa mfano wa zile ndege za kale za mabawa mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili ilijaza meza nzima. Zephaniah, mumewe, alikuwa fundi seremala wa karakana ya reli, na hakujua kufanya kazi nusunusu. Mbavu za mabawa alizichonga kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza mmea ukitaka kutoa maua, kwa kuwa ni mwepesi kuliko mbao zote za dukani. Akazikunja kwa mvuke wa birika, mpaka Wakio akalalamika kwamba nyumba hii sasa inachemsha maji ya ndege kuliko ya chai. Wakati huo mtoto wao alikuwa hai, na watu walikuwa bado wanacheka.

Mtoto huyo aliitwa Mwandawiro. Lilikuwa jina la babake Wakio, aliyefariki mwezi uleule kijana alipozaliwa, na Wadawida, watu wa milima ya Taita, hawaachi jina likaenda hivihivi. Basi Wakio, kama ilivyo desturi, akawa anamwita mtoto "Baba". Kijana alipopata ulimi akaiona bahati yake. Akasema, kama mimi ni baba yako, basi wewe ni mwanangu. Tangu siku hiyo hakumwita mama tena. "Mwanangu, chakula kimeiva?" "Mwanangu, nipe maji." Mbele ya wageni alinyamaza, kwa kuwa alikuwa na adabu zake. Ulikuwa mchezo wa nyumbani, wa watu watatu tu, na Wakio aliupenda kuliko zawadi yoyote aliyowahi kupewa duniani.

Wazo la ndege lilikuwa la mtoto. Babu wa Zephaniah alibeba mizigo katika vita vya Mjerumani, na hadithi yake ilibaki katika ukoo: jinsi alivyoona ndege za turubai zikiruka pale Maktau, na jinsi moja ilivyoanguka porini ikiwaka, rubani wake asipatikane hata wa kuzikwa. Mwandawiro aliisikia hadithi hiyo akakosa usingizi kwa furaha. Jumapili moja baba na mwana wakapanda treni ya Taveta wakashuka Maktau, wakazunguka kwenye mahandaki ya zamani, na mtoto akafukua kipande cha waya wa kusokotwa kutoka udongo mwekundu. Ncha moja ilikuwa imeyeyuka. Zephaniah alipoufumua nyumbani alikuta ndani yake nyuzi nyembamba za chuma, zinang'aa kama zimetoka dukani leo, baada ya miaka karibu sitini ardhini.

"Hizi ndizo nyaya za ndege yetu," alisema, na mtoto akapiga makofi.

Jioni ile Mwandawiro akashikwa na homa. Wakio alifanya kama mamake alivyofanya, na mama wa mamake: alimnywesha mafuta ya mbarika kusafisha tumbo, amwangalie mpaka asubuhi. Asubuhi walipombeba kwenda hospitali alikuwa tayari ameshakuwa mzito, uzito ule ambao kila mzazi akiubeba anaujua. Walimzika juu milimani, Mghange, kando ya migomba ya babu yake. Shati lake la shule lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, limekosa kifungo cha juu. Wiki nzima alikuwa amemwomba Wakio akishone, na wiki nzima Wakio alikuwa amejibu kesho.

Zephaniah hakulia. Watu wa kanisa wakamsifu. Alirudi kazini, na kila jioni alikaa mezani na ile ndege, haongei. Na waya ndio uliokuwa mtihani, kwa maana ndege ya namna ile haishikwi na mbao, inashikwa na nyaya. Ukiukaza huu, bawa la juu linapinda; ukilinyoosha, ule wa upande wa pili unalegea; ukiurekebisha huo, mkia unakwenda upande. Alikaza na kulegeza hadi vidole vikachanjwa kama vya mkata mkonge. Chakula kilipoa. Kimanga, chakula cha kupondwa cha Kitaita alichokipenda tangu utoto, alikitazama kama mtu aliyesahau kinaliwaje.

Wala hawakugombana. Hilo ndilo lililomtisha Wakio zaidi: nyumba ilikuwa na adabu kama ya hospitali.

"Mama Mwanda," jirani yake Mumbe alimwambia walipokuwa wanafua, "mzee amenunua redio?"

"Redio gani? Sisi hatuna redio."

Mumbe aliipunguza sauti. "Basi kuna kitu kinavuma upande wenu. Nikiweka sikio ukutani nakisikia. Vuuu, kama nyuki, halafu kinanyamaza, halafu ni kama kinaongea. Dadangu, mimi sitaki mambo ya watu, lakini hilo ni jini. Kwetu Ukambani tungekuwa tumeshahama."

Wakio alicheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mtu. Jua lilipokuwa linatua aliingia chumbani kuwasha taa, akamkuta Zephaniah ameinama juu ya ndege, shavu lake karibu liguse bawa, ananong'ona.

"Nakaza, baba. Nakaza. Nivumilie tu, bado upande mmoja."

"Unaongea na nani, Baba Mwanda?"

Aligeuka. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na pembeni mwa mdomo palikuwa na mng'ao wa mafuta.

"Usipige kelele," alisema polepole. "Ni yeye. Amenijia tangu nilipofunga waya wa kwanza. Anasema amepotea, haoni njia, lakini ndege ikiisha ataweza kurudi. Jumapili naipeleka Maktau, Wakio. Kule ndiko ataipanda. Ameniomba nifuatane naye, asiende peke yake."

"Mfuatane wapi?"

Zephaniah alitabasamu, tabasamu tamu kama lile la siku alipokuja kumposa. Hapo Wakio akajua kwamba mume huyu akienda Maktau hatarudi. Kisha akaona bawa la juu. Kitambaa cha marekani kilikuwa kimepungua, na nusu ya bawa ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha aina nyingine. Alitazama nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

Kesho yake mchana, Zephaniah akiwa karakana, jini lile lilimwita Wakio mwenyewe. Alikuwa jikoni anapepeta mchele, na nyaya zikaanza kuvuma chumba cha pili, kwanza chini kabisa kama mtu anayeimba amefumba mdomo, kisha juu, na harufu ya mbarika ikapita chini ya mlango ikamjia miguuni, ikampanda, ikamjaa puani na machoni, na katikati ya mvumo huo, dhaifu, kwa pua iliyoziba kama ya mtoto aliyelia sana, sauti ikasema, "Mama," na ilikuwa sauti yake, ni yake kabisa, yule aliyemzaa na kumnyonyesha, na mchele ukamwagika wote na Wakio akakimbia, hakuogopa, alikimbia jinsi mtu anavyokimbilia stesheni treni ikiwa imeshapiga king'ora, akaufungua mlango mikono imenyooshwa mbele, na ile rafadha ilikuwa inazunguka, inazunguka, na sauti ikasema tena, "Mama, njoo. Mama, huku ni giza."

Akasimama.

Mama?

Aliishusha mikono. Tangu mchezo ule uanze, Mwandawiro hakumwita hivyo tena, hata katika homa. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaufunga mlango, akaegemea, akalia kwa kunyang'anywa mara ya pili kitu ambacho hakuwa nacho.

Siku ya soko alipanda Mghange kumtafuta Tryphena, shangazi yake Zephaniah. Alimkuta anauza ndizi na anagombana na mnunuzi. Tryphena alikuwa mama mnene wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, na ukimwita mganga alikasirika. Lakini kila mtu milimani alijua kwamba nyumba ikiwa na mambo, anayeitwa ni yeye, kuja kutasa, kama mababu walivyotasa: kupiga funda la maji ya muwa, kulirusha nje pamoja na hasira, na kutaja kilicho moyoni. Alimsikiliza Wakio hadi mwisho, akafunika ndizi zake kwa gunia.

"Huyo ni mtu asiyezikwa," alisema. "Waswahili wa mjini watakuambia jini, sawa, jina si hoja. Alikuwa kwenye ule waya. Anataka mwenzake wa safari."

"Alimtaka mtoto?"

"Sijui, mwanangu. Mengine Mungu hajaniambia, na siongezi." Wakio alishtuka kidogo kwa kuitwa hivyo, ingawa kila mtu mzima humwita mdogo hivyo. "Ninachojua, kitu kama hicho hakikai katika nyumba isiyo na mlango. Mlango ni hasira. Nyinyi wawili mna hasira na mmeimeza."

Jumamosi alasiri aliwakalisha sakafuni mbele ya meza, kibuyu cha maji ya muwa katikati. Zephaniah alikuja kwa heshima ya shangazi tu. Macho yalikuwa kwenye nyaya, na nyaya zilikuwa zinavuma.

"Mtoe yote," Tryphena alisema. "Kwa sauti. Msibakize. Neno mtakalobakiza, hata liwe tamu namna gani, litakuwa nyumba yake. Zepha, anza."

Zephaniah alipiga funda. Akalirusha nje ya mlango.

"Nimemkasirikia Wakio," alisema. "Nilisema twende hospitali jioni ileile. Akasema anywe mafuta kwanza. Kila nikimwangalia naona ile chupa."

Lilimchoma Wakio mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amejichoma kila siku. Akachukua kibuyu, akarusha.

"Na mimi nimemkasirikia huyu. Nilisema mtoto ana kikohozi, asiende. Akampeleka mahali pa mifupa ya watu kuokota vyuma. Alifanya hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto."

Kwa mara ya kwanza tangu maziko Zephaniah alilia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua kulia, na Wakio akamshika kichwa, wakalia pamoja hadi Tryphena naye akajifuta kwa leso.

"Kuna lingine?"

"Lipo," alisema Wakio.

"Litoe."

Neno hilo lilikuwa la watu watatu tu. Lakini aliambiwa asibakize, na Mdawida akiketi kutasa hadanganyi. Akarusha funda la mwisho.

"Hicho kitu kinaniita mama. Mwanangu hakuniita mama. Aliniita mwanangu. Ndivyo nilivyojua si yeye."

Nyaya zikanyamaza, zote, kwa mara moja.

"Kimeondoka!" alisema Zephaniah.

Tryphena alikuwa anaitazama ndege kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeacha kula ghafla ili asikie watu wa jikoni wanasema nini. "Kesho Maktau," alisema baadaye. "Waya urudi ulikotoka. Mbao na kitambaa, moto."

Waliisafirisha ndege imefunikwa kwa leso. Pale Maktau jua lilikuwa kali na pori limenyamaza, hata njiwa hakulia. Tryphena alimpa Wakio koleo ya kukatia.

"Wewe ukate. Wewe ndiye uliyelikana."

Alikata. Kila waya ulipokatika sauti ilitoka, "Mama!" na kila mara ilikuwa ndogo zaidi, mbali zaidi, na Zephaniah, ambaye Tryphena alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, alijipinda na kupiga kelele kwamba wanamuua mtoto, wanamuua tena, na Wakio akaendelea kukata huku machozi yanamdondokea kwenye koleo, akisema, "Wewe si wangu, wewe si wangu, nenda kwa mamako," mpaka waya wa mwisho ulipotoa mlio mmoja mwembamba na ndege nzima ikalegea, mabawa yakalala moja juu ya lingine. Zephaniah naye alilegea. Alianguka magotini, akatapika mafuta, akaomba maji. Sauti ilikuwa yake ya zamani.

Walizika nyaya kwa kina. Tryphena aliziombea kama anavyoombewa mtu anayezikwa. "Lala, mtu wa watu. Jina lako hatulijui, ila una mama mahali." Kisha akamshika Zephaniah mkono kumpeleka kivulini kwenye stesheni, akamwachia Wakio kiberiti.

Mlingoti wa mkonge haukawii. Miali ilikimbia kwenye mbavu, marekani ikajikunja ikawa nyeusi. Wakio alisimama na kijiti, anasukumia vipande katikati, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Mumewe yuko hai. Atamwambia akirudi Voi, leo nitakupikia kimanga, na wewe utakula. Moto ukafika kwenye bawa la juu, kwenye kitambaa cheupe cha shati.

"Mwanangu," sauti ikasema.

Haikuwa na mvumo wala pua iliyoziba. Haikulia. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyesimama mlangoni asubuhi, amechelewa shule.

"Mwanangu, na kifungo changu?"

Wakio aliingiza mikono yote miwili motoni. Alitoka na majivu, na kitambaa kilichosambaratika kabla hajakifumba kiganjani.

Kama ni jini, lile neno "mwanangu" lililisikia pale sakafuni. Lakini habari ya kifungo hakumwambia mtu, si mumewe wala Mungu. Na nyaya zilikuwa zimeshazikwa.

Tryphena aliporudi alimfunga mikono iliyoungua kwa leso, akamtazama usoni. "Kuna lililobaki moyoni, Wakio?"

"Hakuna, shangazi."

Zephaniah alipona. Alinenepa, akarudi kuimba kwaya, akachonga vitanda vya watu, na jioni alimsimulia mkewe vichekesho vya karakana. Mumbe alisema ukuta sasa umetulia, sifa kwa Mungu. Tryphena kila aliposhuka Voi aliuliza swali lake lilelile, na Wakio alitoa jibu lilelile, kwa kuwa neno lile akilitema atabaki na nini? Ndilo jambo la mwisho ambalo mtoto wake alimwambia.

Mchana wa joto, Zephaniah akiwa kazini na kuku wamejibwaga kivulini, harufu ya mbarika hupita chini ya mlango. Wakio huacha anachofanya. Hufunga dirisha, huketi sakafuni, hutoa sindano na uzi kwenye kikopo, na mikono yake yenye makovu hutunga uzi bila haraka.

"Nipo, Baba," husema. "Lete shati."